JE, ANAYEIMBA HAFANYI KAZI?

Mada iliyotolewa na paroko kwa viongozi wa walei na walezi wa vijana katika semina ya Haki na Amani



Huenda baadhi yenu mliposoma ratiba ya semina hii mlishangaa. Tume ya Haki na Amani imetuzoeza mada za ardhi, za rushwa, za ujira wa wasichana wa kazi majumbani. Leo paroko wenu anasimama mbele yenu kuzungumza juu ya vitabu vya hadithi vya vijana, tena vinavyohusu waimbaji wa Korea Kusini. Naomba mnivumilie. Natumaini kwamba kabla ya kufika mwisho mtaona kuwa hatukutoka nje ya njia.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Jumamosi moja nilimkuta binti wa kwaya yetu ya vijana, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ameketi nyuma ya sakristia akisoma huku wenzake wakifagia kanisa. Nilimkemea kwa kazi aliyoiacha, nikamkemea pia kwa kitabu chenyewe, maana jalada lake lilionyesha msichana aliyejiremba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Padre, kisome kwanza, ndipo unigombeze." Nikakichukua kwa nia ya kukikosoa. Nilikimaliza kwa usiku mbili, nikamrudishia pamoja na shukrani, nikamwuliza kama ana vingine.

Yapo mambo mawili yaliyonifanya nisikidharau. La kwanza ni kwamba vijana wetu wanaifahamu Korea kuliko tunavyodhani. Wazazi walianza kwa kuangalia tamthilia za huko sebuleni, watoto wakaendelea na muziki. Aidha, mwezi Agosti 2023, Papa Fransisko alitangaza kule Lisbon kwamba Siku ya Vijana ya Dunia itakayofuata ifanyike Seoul mwaka 2027. Mji huo, basi, umekwisha kuingia katika mazungumzo ya vijana wa parokia. La pili ni kwamba ndani ya hadithi hizo, zilizopambwa kwa mapenzi na mavazi, nilikuta maswali yaleyale ambayo Tume yetu huyauliza kila mwaka: nani anafanya kazi, nani anapata faida, na nani analipa gharama?

1. VITABU VYENYEWE

Vitabu nitakavyovitaja ni vinne, vyote vya Kiingereza, vyote vilivyochapishwa Marekani, na waandishi wake wote ni watu wenye asili ya Kikorea.

Cha kwanza ni Shine cha Jessica Jung, kilichotoka mwaka 2020, na kufuatiwa na Bright mwaka 2022. Shujaa wake ni Rachel Kim, msichana wa miaka 17, ambaye familia yake ilihama New York kwenda Seoul baada ya yeye kuchaguliwa na kampuni ya muziki akiwa na miaka 11. Cha pili ni K-Pop Confidential cha Stephan Lee, nacho cha mwaka 2020. Kinamhusu Candace Park, mwanafunzi kutoka New Jersey anayechukuliwa kwenda kufundishwa Seoul. Cha tatu ni I'll Be the One cha Lyla Lee, cha mwaka huohuo, juu ya Skye Shin, msichana mnene wa California anayeingia katika mashindano ya kutafuta nyota wa muziki wa Korea. Cha nne kilitangulia mwaka mmoja, mwaka 2019: Somewhere Only We Know cha Maurene Goo, juu ya mwimbaji mashuhuri aitwaye Lucky, anayetoroka hotelini Hong Kong usiku, akiwa amevaa ndara, kwa sababu tu ana njaa na anatamani mkate wa nyama.

Naomba tuwe waangalifu. Riwaya si ushahidi wa mahakamani, na makampuni yanayotajwa humo ni ya kubuniwa. Lakini mwandishi wa kitabu cha kwanza hakuandika mambo ya kusikia. Jessica Jung alizaliwa San Francisco. Alichukuliwa na kampuni moja kubwa ya Seoul mwaka 2000, akiwa na miaka 11, akafundishwa kwa miaka saba, akatolewa mbele ya watu mwaka 2007 katika kundi la wasichana tisa liitwalo Girls' Generation. Akaachana na kundi hilo mwaka 2014, kukiwa na mvutano kuhusu biashara yake ya mavazi. Mtu aliyepita katika njia hiyo, akichagua kuisimulia kwa hadithi ya kubuni, yafaa tumsikilize.

2. UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Tunapowaona vijana saba au tisa wakicheza kwa pamoja kama mkono mmoja, bila hata kidole kukosea, tunapaswa kuuliza vimeundwa wapi, na kwa mbao za nani.

Utaratibu wenyewe si wa kale. Mwaka 1995 Lee Soo-man, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwimbaji, alianzisha kampuni ya SM Entertainment. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilitoa kundi la wavulana watano lililoitwa H.O.T., nalo likapendwa mno na vijana. Tangu hapo makampuni mengi yamefuata njia hiyo. Mtoto huchaguliwa kwa usaili akiwa na miaka kumi na kitu, pengine pungufu. Anakuwa mwanagenzi. Anafundishwa kuimba, kucheza, kuzungumza lugha za kigeni, na hata namna ya kujibu waandishi wa habari. Wengi hulala katika mabweni ya kampuni. Kila baada ya muda hupimwa mbele ya wakubwa, na anayeshindwa huondoka. Miaka inaweza kuwa miwili, inaweza kuwa saba, na hakuna anayeahidiwa kwamba siku ya kupanda jukwaani itafika.

Riwaya hizi zinaonyesha jambo ambalo takwimu haziwezi kulionyesha, yaani jinsi utaratibu huo unavyoingia ndani ya nafsi. Mama yake Rachel anashikilia kwamba binti yake asome shule siku za juma, na mazoezi yawe mwisho wa juma. Kwetu sisi huo ni uamuzi wa mzazi mwenye busara. Katika kampuni unakuwa kosa. Wenzake wanamwona mvivu na mwenye kudeka, na kila akishindwa jambo, shule inatajwa. Candace naye anapofika Seoul ananyang'anywa simu na kukatazwa kuzoeana na wavulana. Wasichana hawa wangeweza kuwa marafiki, lakini nafasi ni chache. Hivyo kila mmoja anajifunza kumtazama mwenzake kama mlango uliofungwa mbele yake. Katika Shine wapinzani wa Rachel wanafikia kumtegea mtego ili aaibike. Msomaji anamchukia mtega mtego; lakini akitafakari zaidi ataona kwamba aliyepanga nafasi chache kwa watoto wengi ndiye aliyeifanya mitego iwe na faida.

3. MKATABA NA DENI

Ndugu zangu, tukitaka kujua ukweli wa kazi yoyote, tusome mkataba wake.

Mwaka 2009 wanamuziki watatu kati ya watano wa kundi la TVXQ walikwenda mahakamani mjini Seoul kuupinga mkataba wao. Mkataba huo uliwafunga kwa miaka 13. Hebu tufikiri: kijana anayetia sahihi akiwa na miaka 17 anatoka akiwa na miaka 30, na ujana wake wote umekwisha kuuzwa kwa karatasi moja. Mwaka huohuo Tume ya Biashara ya Haki ya Korea ilitoa mkataba wa mfano unaoweka ukomo wa miaka saba.

Lakini mkataba huo uliwahusu waliokwisha kuwa wasanii. Mwanagenzi, ambaye bado si kitu machoni pa watu, alibaki nje. Mwaka 2017 Tume hiyohiyo ilichunguza mikataba ya wanagenzi katika makampuni kadhaa makubwa, ikakuta vifungu vya kumdai kijana anayeondoka fidia ya mara mbili au mara tatu ya fedha zilizotumika kumfundisha. Makampuni yakaagizwa kuvirekebisha. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2014, ilikuja sheria inayolinda watoto walio katika sanaa: walio chini ya miaka 15 wasizidishe saa 35 za kazi kwa juma, na wakubwa wao ambao bado ni watoto wasizidishe saa 40.

Nimeyataja haya ili tuone mambo mawili. Kwanza, haki haikuja yenyewe. Ilikuja kwa sababu kuna vijana waliothubutu kusema, na kuna maofisa waliokubali kusoma vifungu vidogo vidogo. Pili, tulione deni. Kijana anaambiwa: tumekulisha, tumekulaza, tumekufundisha. Katika makampuni mengi, mapato yake ya kwanza hukatwa kufidia gharama hizo kabla yeye hajaonja kitu. Hivyo mtoto anaanza maisha akiwa mdaiwa wa wale wanaomtumikisha. Sisi tulio wana wa wakulima tunalifahamu jambo hili. Mkulima aliyekopeshwa mbegu na yule anayenunua mazao, naye ndiye anayepanga bei, hahitaji kwenda Seoul kufundishwa maana yake.

4. MWILI NA MOYO

Yapo mambo ambayo hakuna mkataba unaoyaandika, lakini yanadaiwa kwa ukali kuliko yaliyoandikwa. Nayo ni mwili na moyo.

Skye Shin anajua kuimba na kucheza kuliko wengi wanaoshindana naye. Lakini mara anapopanda jukwaani, mwamuzi mmoja anauona unene wake kabla ya kuisikia sauti yake. Kilichonigusa zaidi ni kwamba mwamuzi mkali kuliko wote hayuko kwenye meza ya mashindano. Ni mama yake mzazi, ambaye kwa miaka mingi amemwonea haya binti yake na kumkataza kucheza mbele za watu. Akina mama na akina baba, tuisome sehemu hiyo polepole. Kampuni haikuunda mizani ya kwanza. Mizani ya kwanza ilikuwa nyumbani.

Kuhusu moyo, riwaya zote nne zinasimulia mapenzi, na wasomaji vijana huzipendea hilo. Lakini mapenzi hayo yana uzito wa pekee, kwa kuwa yamekatazwa. Rachel anapohusiana na Jason, mwimbaji wa kampuni hiyohiyo, hatari haigawanywi sawasawa. Mvulana anaweza kusamehewa na hata kuongezewa sifa. Msichana ndiye atakayepoteza kazi.

Asije mtu akadhani kwamba hayo ni chumvi ya mtunzi. Mwezi Machi 2024, Karina wa kundi la aespa, mwanamke wa miaka 23, aliandika barua kwa mkono wake kuwaomba radhi washabiki. Kosa lake lilikuwa nini? Ilijulikana kwamba alikuwa na mchumba, mwigizaji wa filamu ambaye hakuwa na mke. Baadhi ya washabiki walikodi lori lenye ubao wa maandishi ya umeme, likasimamishwa mbele ya ofisi za kampuni kumshutumu. Mtu mzima anaomba radhi hadharani kwa kupenda! Washabiki hao walinunua nyimbo, wakaamini kwamba wamenunua pia na moyo wa mwimbaji.

Wakorea wenyewe huwaita waimbaji hawa aidol, neno walilolikopa kutoka Kiingereza, ambalo asili yake ni sanamu inayoabudiwa. Nimelifikiria sana neno hilo. Kwa kawaida sisi mapadre tunapohubiri juu ya sanamu, tunamwonya anayeabudu. Vitabu hivi vimenifundisha kuitazama habari hiyo kutoka upande wa pili. Fikirini taabu ya mtu mwenye damu na mwenye njaa, anayelazimishwa kuwa sanamu. Sanamu haili wala haichoki, na haina mchumba. Lucky, anayetoroka usiku kutafuta chakula, anatafuta ruhusa ya kuwa binadamu kwa siku moja.

5. MTAZAMAJI NAYE ANA SEHEMU

Katika hadithi hiyo ya Lucky yumo kijana aitwaye Jack. Anamzungusha mjini kwa wema na ucheshi, naye Lucky anacheka kama ambavyo hajacheka kwa muda mrefu. Kumbe Jack anampiga picha kwa siri ili aliuzie gazeti la udaku. Mwandishi hamchori kama mtu mwovu. Ni kijana anayehitaji fedha, na gazeti linalipa kwa sababu wapo wanunuzi. Hapo ndipo kitabu kinapomgeukia msomaji na kumwuliza bila kumtaja jina: mnunuzi ni nani?

Korea imeonja uchungu wa swali hilo. Sulli, aliyeanza kama mwimbaji wa kundi la f(x) akiwa na miaka 15, alitukanwa mitandaoni kwa miaka mingi kwa namna alivyovaa, alivyosema na alivyopenda. Mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa watangazaji wa kipindi cha televisheni ambamo watu mashuhuri walisoma kwa sauti matusi waliyoandikiwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo alikutwa amefariki nyumbani kwake, akiwa na miaka 25. Novemba akafuata rafiki yake Goo Hara, mwimbaji wa zamani wa kundi la Kara, mwenye miaka 28. Miaka miwili kabla, Desemba 2017, alifariki Jonghyun wa kundi la SHINee, akiwa na miaka 27, baada ya kuteswa na sonona. Tuwaombee. Wala tusidai kwamba tunajua yote yaliyokuwa mioyoni mwao, maana huzuni ya namna hiyo ina mizizi mingi, na aliye nayo anahitaji tabibu na ndugu wa kumsikiliza, wala hahitaji hakimu.

Lakini lipo lililofanyika baada ya hapo. Mwaka huo 2019 Daum, tovuti mojawapo kubwa ya habari nchini humo, ilifunga sehemu ya maoni chini ya habari za wasanii. Naver, iliyo kubwa zaidi, ikafanya vivyo hivyo Machi 2020. Hatua hizo hazikuponya kila kitu, lakini zilikiri jambo moja: kwamba neno linaloandikwa na mtu asiyejulikana, akiwa kitandani mwake na simu mkononi, ni tendo, na lina mtu linayemwangukia.

6. JE, ANAYEIMBA HAFANYI KAZI?

Sasa nafika kwenye swali nililoliweka kuwa kichwa cha mada.

Korea Kusini ilitoka katika vita ya 1950 hadi 1953 ikiwa nchi maskini. Ilijijenga kwa viwanda, na viwanda vya nguo vilijengwa juu ya migongo ya wasichana. Katika mtaa wa Cheonggyecheon mjini Seoul, kwenye soko liitwalo Pyeonghwa, maana yake Soko la Amani, wasichana wadogo walishona katika vyumba visivyopitisha hewa, kwa saa zipatazo 14 kwa siku. Mshonaji mmoja kijana, Jeon Tae-il, aligundua kwamba nchi ilikuwa na Sheria ya Viwango vya Kazi tangu mwaka 1953, ila hakuna aliyeifuata. Aliandika barua, akapeleka malalamiko, akafukuzwa mlangoni. Tarehe 13 Novemba 1970 yeye na wenzake walikusudia kukichoma hadharani kitabu cha sheria hiyo isiyotekelezwa. Siku hiyo alijitia moto mwenyewe, akipaza sauti kwamba wafanyakazi si mashine, akafa akiwa na miaka 22. Hatumfundishi kijana yeyote kufanya kama alivyofanya. Uhai ni wa Mungu. Lakini hatuna budi kumkumbuka, kwa kuwa kilio chake kiliwaamsha wafanyakazi wa nchi nzima.

Miaka 54 baadaye, Oktoba 2024, msichana wa miaka 20 alifika mbele ya kamati ya Bunge mjini Seoul. Ni Hanni, mwimbaji wa kundi la NewJeans, mzaliwa wa Australia mwenye asili ya Vietnam. Alieleza, huku akilia, madai yake ya kudharauliwa na kutengwa mahali pa kazi. Mwezi uliofuata ofisi ya wizara ya kazi iliyoshughulikia lalamiko hilo ikatoa jibu: kwa mujibu wa Sheria ya Viwango vya Kazi, mwimbaji huyu hahesabiwi kuwa mfanyakazi. Ana mkataba kati ya pande mbili zilizo sawa, hana saa maalumu za kazi, na kodi yake ni ya mfanya biashara.

Tazameni, ndugu zangu. Ni sheria ileile ambayo Jeon Tae-il aliililia. Wakati wake sheria ilikuwapo, ila haikutekelezwa. Wakati wa Hanni sheria inatekelezwa, ila yeye hayumo ndani yake. Sisemi kwamba maofisa wale walikosea kuisoma. Yawezekana kabisa waliisoma kama ilivyoandikwa. Nasema kwamba mtu anayeambiwa alale wapi, ale nini, avae nini, ampende nani na aamke saa ngapi, kisha akaambiwa kwamba yeye ni mfanya biashara aliye sawa na kampuni, ameambiwa jambo ambalo moyo wake mwenyewe unalikataa. Hapo ndipo riwaya za vijana zimeitangulia sheria. Msomaji wa kidato cha tatu akimaliza Shine hana shaka hata kidogo kwamba Rachel anafanya kazi.

7. TUSIVISIFU KUPITA KIASI

Haki inatutaka tuseme pia upungufu wa vitabu hivi. Kwanza, wasichana wote wanne ni Wamarekani au wamekulia Marekani. Mambo yakiwashinda, wanayo nchi ya kurudi na shule ya kuendelea nayo. Mtoto wa Kikorea aliyeacha shule akiwa na miaka 13, akarudishwa kwao akiwa na miaka 20 bila kupanda jukwaani, hakupata sura yake mwenyewe katika hadithi hizi, na wa namna hiyo ni wengi kuliko waliofaulu. Pili, vitabu hivi vinauzwa kwa tamaa ileile vinayoikosoa. Jalada linang'aa, mavazi yanaelezwa kwa kirefu, na msomaji anaweza kufunga kitabu akitamani umaarufu zaidi kuliko alipokifungua. Tatu, tusidhani kwamba kila kampuni ni jela na kila mwimbaji ni mtumwa. Wapo wanaoipenda kazi yao kwa dhati, na nidhamu yao yafaa kuigwa. Rachel mwenyewe haachi. Anapenda kuimba, na upendo huo ni wa kweli. Kinachomtesa ni watu waliogundua kwamba mtu apendaye kazi yake anaweza kukamuliwa zaidi ya yule asiyeipenda.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo ninayowaachia, kwa maana inatuhusu.

8. NASI JE?

Nisingekuwa mkweli kama ningewasimulia habari za Seoul nikanyamaza juu ya nyumba yetu. Wengi wenu mnakumbuka mwaka tuliporekodi albamu ya kwaya ya vijana. Mimi ndiye niliyepanga tarehe. Kwa miezi miwili vijana walifanya mazoezi mpaka saa nne usiku, na baadhi yao walikuwa katika madarasa ya mtihani. Msichana mmoja alinijia akasema koo linamwuma. Nilimjibu kwamba anayemwimbia Mungu hachoki. Wiki ya kurekodi sauti yake ilikauka kabisa, tukamweka mwingine mahali pake, na zilipita wiki tatu kabla yeyote, nikiwemo mimi, hajakwenda kumjulia hali. Fedha za albamu zilinunua kinanda. Waimbaji walipewa soda.

Niliposoma juu ya Rachel nilijiona, ila si katika nafsi ya Rachel. Nilijiona katika wale wakubwa wanaoketi mezani kupima. Nimekwisha kwenda kwa msichana yule na kwa wazazi wake, nikawaomba radhi. Leo nasema mbele yenu kwa sababu kosa lilifanyika mbele yenu.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache yanayowezekana. Mazoezi ya kwaya yenye watoto wa shule yasipite saa moja na nusu jioni, na majuma ya mtihani yasimame kabisa. Mapato yoyote ya vijana yasomwe hadharani, nao wenyewe wawepo na waulizwe yatumikeje. Akija mtu na karatasi akiahidi kumfanya mtoto wenu nyota wa muziki, wa filamu au wa mpira, msitie sahihi siku hiyohiyo. Ileteni karatasi kwa kamati yetu ya Haki na Amani, tuisome pamoja, tuulize maswali matatu: inamfunga kwa miaka mingapi, akitaka kuondoka atadaiwa nini, na shule yake itakuwaje? Mwisho, tunaposhika simu, tukumbuke kwamba yule tunayemcheka ana mama.

Binti aliyeniazima kitabu yupo hapa, ameketi nyuma. Sitamtaja, lakini namshukuru yeye kwanza.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika familia zetu tunawapima watoto kwa nini? Ni mizani gani waliyoikuta nyumbani kabla ya kukutana na ulimwengu?

2. Ni vijana gani katika eneo letu wanaofanya kazi ambayo sisi hatuiiti kazi, na kwa hiyo hatuilipi wala hatuilindi?

3. Tunapoona mtu mashuhuri akiaibishwa katika magazeti au mitandaoni, sehemu yetu ni ipi: ya muuzaji, ya mnunuzi, au ya jirani?

4. Jumuiya yetu ichague kijana mmoja mwenye kipaji. Tunaweza kumsaidiaje akue katika kipaji hicho bila kuipoteza shule, afya wala uhuru wake?